Nguvu ya Pendekezo Pasipo Mwenye Amri: Lugha ya Nyaraka za Kuboresha Mitandao ya Blokucheni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya nyaraka zinazotumika kupendekeza mabadiliko katika mitandao ya blokucheni, hususan Bitcoin na Ethereum. Swali letu kuu ni hili: pendekezo hupataje nguvu ya kanuni mahali ambapo hapana mtu wala chombo chenye mamlaka ya kulipitisha? Kwa kutumia nadharia ya tendo-usemi, tunajaribu kuonyesha kwamba hadhi ya mwisho ambayo waraka hupewa ni taarifa tu, haiumbi kanuni. Nguvu yenyewe hutoka kwa wanaoitumia programu, kama vile uhai wa neno jipya unavyotoka kwa wazungumzaji. Sehemu ya pili ya makala inajadili matatizo ya kuzieleza kanuni hizo kwa Kiswahili, na hasara inayompata mzungumzaji wa lugha yetu asipokuwamo katika mjadala.

1.0 Utangulizi

Katika somo la tafsiri analolifundisha mwandishi huyu, mwanafunzi mmoja alileta darasani waraka wa kiufundi wa mtandao wa Ethereum aliokuwa akijaribu kuutia katika Kiswahili. Sentensi zake zilikuwa fupi, na msamiati wake, ukiondoa istilahi chache, haukuwa mgumu. Hata hivyo alikwama katika sentensi ya kwanza ya sehemu ya masharti, akauliza: "Mwalimu, hapa anayeamuru ni nani?" Alitaka kujua kama atumie kauli ya sheria, kauli ya ushauri au kauli ya maelezo. Jibu halikupatikana siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kwa ufupi mtandao wa namna hii ulivyo. Blokucheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika, kila moja ikiitwa nodi. Miamala hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloku, na kila bloku hufungamanishwa na ile iliyoitangulia. Hakuna nakala iliyo mama ya nyingine. Kila nodi huendesha programu yenye kanuni, huikagua yenyewe kila bloku inayoifikia, na huikataa bloku inayokiuka kanuni hizo. Mtandao wa Bitcoin ulianza tarehe 3 Januari 2009, baada ya waraka uliotolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au watu, kwa jina la Satoshi Nakamoto. Ethereum ulianza tarehe 30 Julai 2015.

Kutokana na mpangilio huo, kuibadili kanuni si kazi ya mtu mmoja. Maana ya kubadili kanuni ni kwamba wenye nodi, mmoja mmoja na kwa hiari yao, waipokee programu mpya. Yako mabadiliko yanayozikaza kanuni tu, ambayo nodi zenye programu ya zamani zaweza kuendelea kuyaona kuwa halali. Yako pia mabadiliko ambayo nodi za zamani huyakataa kabisa. Katika hali hii ya pili, wengine wakiipokea programu mpya na wengine wakibaki na ile ya zamani, daftari hupasuka na kuwa madaftari mawili. Kwa hiyo uamuzi usioeleweka sawasawa unaweza kuigawa mali ya watu, na lugha ya pendekezo inastahili kuchunguzwa kwa makini.

2.0 Chimbuko la Utanzu

Nyaraka tunazozizungumzia ni utanzu wenye nasaba. Tarehe 7 Aprili 1969 Steve Crocker, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu, aliandika waraka wa kwanza wa mfululizo uitwao RFC, kwa ajili ya mtandao wa ARPANET ulioitangulia intaneti. Herufi hizo tatu husimamia maneno yenye maana ya ombi la maoni. Crocker amepata kueleza kwamba jina hilo la unyenyekevu lilichaguliwa kwa makusudi: waandishi walikuwa vijana, hawakuwa na hakika ni nani mwenye mamlaka, wala hawakutaka kuonekana kana kwamba wanatoa amri. Hata hivyo, baadhi ya nyaraka hizo zilizoomba maoni ndizo zilizokuja kuwa misingi ya intaneti.

Baadaye desturi hii ilipewa maelezo yaliyo wazi zaidi. Mwaka 1992 David Clark alieleza msimamo wa wahandisi wa intaneti kwamba wao hawafuati wafalme, marais wala kura, bali mwafaka wa jumla na programu inayofanya kazi. Waraka namba 7282 wa mwaka 2014 ulifafanua kwamba mwafaka wa namna hiyo haupimwi kwa wingi wa vichwa. Pingamizi lililotolewa lazima lisikilizwe na kujibiwa kwa hoja, hata kama mwishowe halikufuatwa.

Tawi la pili la nasaba hii ni nyaraka za PEP za lugha ya programu iitwayo Python, zilizoanza mwaka 2000. Hizo ndizo zilizokuwa kielelezo cha nyaraka za BIP za Bitcoin, ambazo waraka wake wa kwanza uliandikwa na Amir Taaki mwaka 2011. BIP nazo, pamoja na PEP, zilikuwa kielelezo cha nyaraka za EIP za Ethereum, zilizoanza mwaka 2015.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Katika Python alikuwapo mwenye neno la mwisho, Guido van Rossum, muasisi wa lugha hiyo, ambaye aliliacha jukumu hilo mnamo Julai 2018 baada ya mjadala mkali kuhusu PEP 572. Utanzu ulipohamia Bitcoin, muundo wa waraka ulihama pamoja na sehemu zake zote, ila mwenye neno la mwisho hakuhama nao. Satoshi Nakamoto alikuwa ameacha kuandika hadharani tangu Desemba 2010. Basi waraka ulirithi hadhi kama vile rasimu, kukubaliwa na kukataliwa, pasipo kumrithi mkubalifu.

3.0 Safari ya Waraka

Tutumie mfano wa Ethereum, ambao taratibu zake zimeelezwa katika EIP 1. Mtu yeyote aweza kuandika pendekezo. Waraka wake unatakiwa kuwa na ikisiri, ubainishi wa kiufundi, hoja zilizomfanya achague njia hiyo na kuacha nyingine, maelezo ya athari kwa programu zilizopo, na sehemu ya masuala ya usalama. Waraka usio na sehemu hii ya mwisho hukataliwa. Mwandishi hutakiwa pia kuachilia haki zake za kunakili, ili pendekezo liwe mali ya wote.

Waraka huanza ukiwa wazo, ukawa rasimu, ukaingia katika mapitio, kisha ukatangaziwa wito wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa siku 14. Pasipotokea pingamizi linalolazimu mabadiliko makubwa, hupewa hadhi ya mwisho. Waraka ulioachwa bila kuguswa kwa miezi 6 huhesabiwa kuwa umedumaa, na mwandishi aweza kuufufua au kuuondoa.

Wahariri hawahukumu kama pendekezo ni jema au baya. Huangalia kama limeandikwa kwa muundo unaotakiwa, kama lina maana ya kiufundi, na kama lugha yake inaeleweka. Kisha hulipa namba. Mapendekezo yanayogusa kanuni za msingi hujadiliwa katika mikutano ya mara kwa mara ya waundaji wa programu za nodi. Programu hizo ni zaidi ya moja, miongoni mwake Geth, Nethermind, Besu na Erigon, na kila kundi laweza kukubali au kukataa kuliingiza pendekezo katika programu yake. Baada ya hapo bado anabaki mwenye nodi, ambaye anaweza kuipokea programu hiyo au kuiacha.

4.0 Pendekezo kama Tendo-Usemi

J. L. Austin alitufundisha kwamba yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Hakimu asemapo "nakuhukumu", hukumu imekwisha kutolewa. Lakini Austin aliweka masharti: lazima pawe na desturi inayokubalika, na lazima msemaji awe ndiye aliyeruhusiwa na desturi hiyo. Mpita njia akiyatamka maneno yale yale ya hakimu, hapana aliyehukumiwa. Searle aliyaita matendo ya aina hii matamko, yaani semi zinazoubadili ulimwengu ili ulingane na maneno.

Tukitazama juu juu, waraka uliopewa hadhi ya mwisho unafanana na tamko. Tunaona hata hivyo kwamba ulinganifu huo unadanganya, na tunatoa ushahidi wa aina nne.

Kwanza, kanuni yaweza kubadilika kabla ya waraka kuandikwa. Tarehe 17 Juni 2016 mtu asiyejulikana alitumia kasoro katika mfuko uitwao The DAO akahamisha takriban etha milioni 3.6. Baada ya mabishano makali, tarehe 20 Julai 2016 sehemu kubwa ya mtandao wa Ethereum ilipokea programu iliyozirejesha fedha hizo. Waliokataa walibaki na daftari la zamani, ambalo lingali likiendelea kwa jina la Ethereum Classic. Waraka wa EIP unaoyaeleza mabadiliko hayo, namba 779, uliandikwa mwaka 2017. Kama waraka ndio ungekuwa tamko, tungelazimika kusema kwamba hukumu ilitekelezwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutolewa.

Pili, waraka waweza kuwapo na usitende lolote. Mnamo Novemba 2017 programu iliyotegemewa na pochi zenye etha zaidi ya 500,000 iliharibiwa, na fedha hizo zikakwama. Pendekezo la EIP 999 la Aprili 2018 lilikusudia kuzikwamua. Liliandikwa kwa ukamilifu, likapewa namba, na wenye etha wakaombwa kupiga kura isiyofunga mtu. Wengi wa kura hizo walipinga, na pendekezo halikutekelezwa. Kwa upande wa ufundi lilitekelezeka. Kilichokosekana ni watu wa kutosha walio tayari kuendesha programu hiyo.

Tatu, wahariri wenyewe hawakubaliani kila mara juu ya uzito wa tendo lao. Mnamo Februari 2018 palikuwa na pendekezo jingine, EIP 867, lililokusudia kuweka utaratibu wa jumla wa kurejesha fedha zilizopotea. Mhariri mmoja alijiuzulu, akihofu kwamba kulipitisha kungeweza kumtia katika mgogoro na sheria. Wengine walisisitiza kwamba kazi ya mhariri ni ya ukarani tu. Suala hili ni la pragmatiki kabisa: kutoa namba ni kuandikisha, au ni kuidhinisha? Kwa mujibu wa EIP 1 ni kuandikisha. Lakini msikilizaji aliye nje ya jumuiya, kwa mfano mwanasheria, aweza kusikia tendo jingine katika maneno yale yale.

Nne, na huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, ishara iliyokusudiwa kuwa taarifa iligeuka kuwa kura. Katika Bitcoin, BIP 9 iliweka njia ambayo wachimbaji, yaani wanaotengeneza bloku, huonyesha ndani ya bloku zao kwamba wako tayari kwa kanuni mpya. Kizingiti kilikuwa asilimia 95 ya bloku katika kipindi cha bloku 2,016. Ishara hiyo ilibuniwa kuwa na maana ya "tumejiandaa". Pendekezo la SegWit, BIP 141, lilipoanza kuonyeshewa ishara mnamo Novemba 2016, wengi waliisoma kwa maana ya "tunakubali", na kwa hiyo kunyamaza kwa wachimbaji kukawa turufu ya kuzuia. Ndipo Machi 2017 ilipotokea BIP 148, iliyosema kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 nodi zinazoifuata zitazikataa bloku zisizo na ishara hiyo. Watumiaji walikuwa wanadai kwamba taarifa ya wachimbaji irudishwe katika maana yake ya awali. BIP 91, iliyokishusha kizingiti hadi asilimia 80, ilikubaliwa na wachimbaji mwezi Julai, na SegWit ikaanza kazi tarehe 24 Agosti 2017. Wasioridhika walijitenga tarehe 1 Agosti wakaanzisha Bitcoin Cash. Miaka minne baadaye, mabadiliko ya Taproot yaliwekewa kizingiti cha asilimia 90. Yalifikiwa mwezi Juni 2021 na kuanza kazi tarehe 14 Novemba 2021 bila mpasuko.

Kwa ushahidi huu tunahitimisha kwamba hadhi ya mwisho haiumbi kanuni. Ni taarifa kwamba waraka umekamilika na hautabadilishwa tena, ili anayetaka kuufuata ajue anachokifuata. Tendo linaloumba kanuni ni la wenye nodi, na wao hawalitendi kwa maneno. Hulitenda kwa kuendesha programu.

Msomaji wa jarida hili hatakosa kuona kwamba hali hii si ngeni kwetu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, lina mamlaka ya kisheria ya kusanifisha istilahi. Lakini istilahi iliyosanifiwa haiishi mpaka itumike. Mashine inayotumika kuandikia makala haya imepata kuitwa ngamizi, na wako wanaoiita tarakilishi. Wazungumzaji walio wengi wakachagua kompyuta. Hapana mkutano uliolikataa neno ngamizi. Watu hawakulisema, basi. Kwa upande mwingine, maneno kama ikisiri na istilahi yenyewe yalipendekezwa, yakafundishwa, na leo twayatumia bila kukumbuka kwamba yalipata kuwa mageni. Kila mzungumzaji ni kama nodi: hukagua neno linalomfikia kwa kanuni alizo nazo, akalipokea au akaliacha.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na ni vema tuutaje. Wazungumzaji wawili wanaotumia maneno mawili tofauti kwa kitu kimoja huendelea kuelewana. Nodi mbili zenye kanuni mbili tofauti haziwezi. Lugha huvumilia lahaja, lakini daftari la fedha halizivumilii.

Tukumbuke pia kwamba ipo mitandao iliyochagua njia nyingine. Katika Tezos kura hupigwa ndani ya mtandao wenyewe, na pendekezo lililoshinda huanza kutumika bila kila mwenye nodi kutafuta programu mpya kwa mkono wake. Mabadiliko ya kwanza ya namna hiyo, yaliyoitwa Athens, yalianza kazi Mei 2019. Huko tamko la Searle limerudi: matokeo ya kura ndiyo kanuni. Gharama yake ni kwamba uzito wa sauti hupimwa kwa kiasi cha sarafu. Mwenye nyingi husema kwa sauti kubwa kuliko mwenye chache.

5.0 Lazima, Ushauri na Hiari

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Ikiwa hapana mwenye amri, sentensi zenye "lazima" zinatoka wapi? Jibu ni kwamba ulazima wake ni wa masharti. Waraka unasema: ukitaka kuwa ndani ya daftari hili, lazima ufanye hivi. Sehemu ya kwanza ya sentensi haiandikwi kwa kuwa kila msomaji anaijua. Basi mfasiri hana haja ya kutafuta kauli ya mfalme. Anahitaji kauli ya mtu anayeeleza kanuni za mchezo kwa wanaotaka kuucheza.

Hata hivyo, viwango vya ulazima lazima vitenganishwe kwa ukali. Waraka namba 2119 wa mfululizo wa RFC, ulioandikwa na Scott Bradner mnamo Machi 1997, uliyapa maana maalumu maneno ya Kiingereza MUST, SHOULD na MAY pamoja na vikanushi na visawe vyake. La kwanza ni sharti lisilo na msamaha. La pili ni ushauri unaoweza kuachwa kwa sababu maalumu, baada ya athari zake kupimwa. La tatu ni hiari kamili. Mwaka 2017 waraka namba 8174 uliongeza kwamba maana hizo zahusika tu pale maneno hayo yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Kiolezo cha EIP huzirejelea nyaraka hizo mbili.

Kiswahili kina utajiri wa viashiria vya ulazima: lazima, sharti, hapana budi, yapasa, yatakiwa, yabidi, yafaa, pamoja na dhamira tegemezi yenyewe. Utajiri huu unaweza kumponza mfasiri wa nyaraka za aina hii. Tuchunguze mifano:

(1) a. Nodi lazima iikatae bloku hiyo.
b. Nodi si lazima iikatae bloku hiyo.
c. Nodi lazima isiikatae bloku hiyo.

Sentensi ya (1b) inaondoa sharti, ilhali (1c) inaweka katazo. Tofauti yao inategemea mahali pa kikanushi tu. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika waraka wa kanuni, atakayesoma moja kwa maana ya nyingine ataunda programu itakayoachana na mtandao. Tunapendekeza kwamba katazo liandikwe "ni marufuku nodi kuikatae" au kwa kauli nyingine? Hapana: muundo unaofuata "ni marufuku" ni wa kitenzi-jina, hivyo sentensi sahihi ni "ni marufuku nodi kuikataa bloku hiyo", ambayo haichanganyiki na (1b) kwa namna yoyote.

Kitenzi "-paswa" nacho kina utata. Wako wanaokisikia kuwa sawa na lazima, na wako wanaokisikia kuwa wajibu wa kiadili ambao mtu hulaumiwa akiuacha lakini hazuiwi. Kitenzi "-weza" kina maana tatu: uwezo, uwezekano na ruhusa. Sentensi "nodi inaweza kutuma ujumbe" haisemi kama nodi ina nguvu ya kutuma, kama huenda ikatuma, au kama imeruhusiwa. Kwa sababu hizo twashauri istilahi tatu tu: "lazima" kwa sharti, "inashauriwa" kwa ushauri, na "ina hiari ya" kwa hiari. Kinyume cha ushauri kiwe "inashauriwa isi-", wala kisiwe "haishauriwi", kwa kuwa neno hilo laweza kumaanisha tu kwamba hapana ushauri uliotolewa.

Aidha, istilahi ikishachaguliwa isibadilishwe ndani ya waraka. Shuleni tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno moja mara nyingi. Katika nyaraka hizi mwandishi anayepokezana "lazima", "sharti" na "hapana budi" kwa ajili ya utamu wa lugha humfanya msomaji ajiulize kama ametajiwa masharti ya aina tatu.

6.0 Kanuni Isiyoandikwa

Hata waraka ulioandikwa kwa uangalifu wote hauwezi kuzimaliza kanuni zote. Mnamo Machi 2013 mtandao wa Bitcoin ulipasuka kwa saa kadhaa pasipo mtu yeyote kukusudia. Toleo la 0.8 la programu lilitumia hifadhidata tofauti na ile ya toleo la 0.7. Bloku moja kubwa ilikubaliwa na toleo jipya ikakataliwa na lile la zamani, kwa kuwa hifadhidata ya zamani ilikuwa na kikomo cha ndani ambacho hakikuwa kimetambuliwa kuwa kanuni. Wachimbaji wakuu walirudi kwenye toleo la 0.7, na daftari likaungana tena. Tukio hilo limeelezwa katika BIP 50.

Mwanaisimu atalitambua jambo hili mara moja. Mzungumzaji wa Kiswahili husema "kiti kimevunjika" bila kuwa na habari kwamba anafuata kanuni ya upatanisho wa kisarufi. Kanuni huonekana pale anapokuja mgeni akasema vingine. Vivyo hivyo, kikomo kile kilikuwa sehemu ya sarufi ya Bitcoin miaka yote, na kilijulikana siku kilipovunjwa. Waraka, kama kitabu cha sarufi, hufuata matumizi na kujitahidi kuyaeleza.

7.0 Asiyekuwamo katika Mjadala

Taratibu hizi ziko wazi kwa kila mtu, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini mjadala wake huendeshwa kwa Kiingereza, na mlango ulio wazi haumsaidii asiyeisikia sauti inayotoka ndani. Mfano mmoja utatosha.

BIP 39, iliyoandikwa mwaka 2013, inaeleza namna ya kuigeuza siri ya mwenye fedha kuwa maneno 12 hadi 24 ya kawaida, ili aweze kuyaandika kwenye karatasi. Maneno huchaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, na herufi nne za kwanza zatosha kulitambua kila neno. Zimekubaliwa orodha za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitalia, Kicheki, Kireno, na Kichina kwa maandishi ya aina mbili. Ya Kiswahili haimo. Waraka wenyewe umekuja kushauri vikali kwamba orodha zisizo za Kiingereza zisitumike, kwa kuwa programu zilizo nyingi huikubali ya Kiingereza tu.

Je, muundo wa Kiswahili ndio kikwazo? Kweli, viambishi vya ngeli huleta taabu: kitabu, kitanda na kitambaa huanza kwa herufi nne zile zile, na hali kadhalika mwanafunzi, mwanasheria na mwanajeshi. Lakini tukichukua konsonanti 18 za herufi moja na irabu 5, miundo ya silabi mbili za konsonanti na irabu inayowezekana kinadharia ni 8,100. Hata kama sehemu kubwa yake haina maneno, hapana sababu ya kukata tamaa. Mtunzi angeepuka majina yaliyonyambuliwa, akachota zaidi katika majina yasiyo na kiambishi dhahiri, vielezi na mizizi. Kazi hiyo inamfaa mwanaisimu.

Hasara ya kutokuwamo haiishii kwenye heshima ya lugha. Waandishi wa BIP 39 walikusudia kuyaepuka maneno yanayofanana, na kufanana huko kulipimwa kwa masikio ya Kiingereza. Orodha ya Kiingereza ina loyal na royal, na pia glow na grow. Kwa Mwingereza haya ni maneno yaliyo mbali. Lakini katika Kiganda, kwa mfano, l na r ni alofoni za fonimu moja, na wako wazungumzaji wengine wa lugha za Kibantu katika eneo letu wasiozitenganisha sauti hizo. Anayesomewa maneno yake kwa sauti na kuyaandika aweza kuliweka moja mahali pa jingine. Ukaguzi uliomo katika maneno hayo mara nyingi utamwambia kwamba pana kosa, ila hautamwambia kosa liko katika neno lipi. Na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika, maana huo ndio msingi wa mtandao wenyewe. Kama mwanafonolojia mmoja wa eneo letu angeshiriki katika mapitio ya waraka ule, hoja hii ingeweza kuandikwa kwa aya moja.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyaraka za kuboresha mitandao ya blokucheni ni utanzu uliorithi umbo la maombi, ukachukua msamiati wa sheria, na kuacha nafasi ya mtoa uamuzi ikiwa tupu. Kwa hiyo nguvu yake haiko katika hadhi iliyoandikwa juu ya waraka. Iko katika kueleweka kwake na watu wengi wanaotenda kila mmoja peke yake. Mahali penye mwenye amri, sentensi yenye utata huweza kupelekwa kwake akaifafanua. Mahali pasipo naye, utata hubaki ndani ya programu mpaka siku daftari litakapopasuka.

Kwa mwanafunzi aliyeuliza ni nani anayeamuru, jibu letu ni kwamba hakuna anayeamuru. Mwandishi anaeleza masharti, na kila msomaji ndiye anayejifunga nayo. Basi atafsiri kwa kauli ya maelezo yenye masharti, atumie istilahi moja kwa kila kiwango cha ulazima, na achunge mahali pa kikanushi.

Kwa wanaisimu wenzetu tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kuandaliwa kwa istilahi za ulazima zilizosanifiwa kwa matumizi ya nyaraka za kiufundi, kwa kuwa haja hiyo inazidi mitandao hii. La pili ni kutungwa na kujaribiwa kwa orodha ya maneno 2,048 ya Kiswahili yenye kutofautiana kwa herufi nne za kwanza na kwa matamshi ya wazungumzaji wa maeneo mbalimbali. Orodha hiyo haitapata nguvu kwa kuchapishwa katika jarida hili. Itaipata pale mtunzi wa programu atakapoiingiza, na mtu atakapoandika maneno yake ya siri kwa lugha anayoijua.